Blanketi Nililoshona Bila Kufua Vitambaa

Jumatano, mwezi wa sita. Mbinga imejifunika ukungu tangu asubuhi. Kahawa yetu kwenye vichanja haikauki, soksi hazikauki, na mimi nimekaa jikoni karibu na mkaa nikijiona mtu mbaya.

Shajara, wiki hii nimekula usipa, dagaa wa ziwani, nisiostahili.

Mnaopita hapa kwenye blogu mnanijua kwa wimbo mmoja: kabla ya kukata kitambaa, kifue. Kitenge kipya kinachuja rangi, marekani, ile pamba nyeupe, inarudi na kusinyaa, na ukishaviunga kwenye blanketi la viraka hakuna wa kuviamua. Nimeyaandika hayo mpaka mmoja wenu akanibatiza Mama Beseni.

Basi Mama Beseni hakufua.

Ilikuwa kabla ya Pasaka. Nilikuwa namshonea mama mkwe wangu, aliyeko Mbaha, blanketi la viraka vyekundu na vyeupe, ajifunike upepo wa mwera ukianza kuvuma ziwani. Mvua ilikuwa hainyamazi. Lakini nisiisingizie mvua. Ukweli ni kwamba kwetu zawadi ya kitambaa ikishaguswa na maji inahesabiwa imevaliwa. Kinamama huibana kwa vidole kwanza, waone kama bado ina ule ugumu wa dukani, ndipo wapige vigelegele.

Nilitaka vigelegele.

Nikavipata. Mama alijifunika palepale mbele ya wageni, jasho likimtiririka, akagoma kulivua mpaka wali ulipoletwa.

Mwezi uliopita akalifua ziwani, kwenye jiwe lake la siku zote. Wekundu ukaingia kwenye weupe, marekani ikarudi, blanketi likajikunja pembe zote kama chapati iliyosahaulika jikoni.

Angenilaumu, ningelala vizuri. Alinipigia simu kwa sauti ya chini: "Mama Neema, mwanangu, nimekuharibia kazi yako. Labda sabuni niliitia nyingi. Hii mikono imezeeka."

Nami, mwalimu wa kufua, nikamjibu, "Usijali mama, hutokea."

Sikusema uongo hata neno moja. Hivyo ndivyo nilivyojifariji.

Kisha ukaja usipa. Kikapu kizima, umekaushwa vizuri, umefungwa kwa kitambaa safi, umesafirishwa na basi kupanda milima yote hii, ili kuniomba mimi radhi. Nimeupika na nyanya, nimeukaanga mkavu, nimeula na ugali na nimeula bila ugali. Mtamu kweli. Ila vile vijicho vyake, kila nikiinamia sahani, vinanitazama.

Leo mchana mume wangu amerudi kutoka Mbaha. Alikuwa bado anafungua kamba za viatu aliposema, "Mama ameacha kufua vitambaa vya altare."

Niwaeleze uzito wake. Vitambaa vile mama amevifua tangu mume wangu akiwa mtoto. Mapadri wamekuja na kuhamishwa, yeye yupo na jiwe lake. Hakuna mwingine aliyevigusa. Sasa amewakabidhi wenzake, akisema kama ameweza kuharibu blanketi la mkwewe, ataharibu na cha Mungu. Jumapili anakaa benchi la nyuma.

"Uzee umemwingia ghafla," mume wangu akasema.

Hakuna uzee uliomwingia. Ni mimi.

Nimemweleza mume wangu yote. Akanitazama, akaitazama sufuria, akasema, "Na umekula mpaka vichwa."

Nikapiga simu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha nikayatoa kwa mkupuo kabla sijapata akili ya kuyapamba. Nilisikia kuku wake wakigombana uani.

"Kwa hiyo si mikono yangu?"

"Si mikono yako, mama. Ni kile kitenge. Na mimi nilijua."

"Nimelia mbele ya padri kwa ajili ya kitenge chako, Mama Neema." Akavuta pumzi. "Nirudishie usipa wangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Au alicheka kidogo mwishoni. Simu ilikatika, sina hakika, na kutokuwa na hakika ndiko kunakonisumbua hadi sasa.

Kusema kwenye simu kumbe ndiyo sehemu rahisi. Walioambiwa kwamba mikono ya mama imechoka ni kinamama wa kanisani, na wameamini. Wao hawakuwa kwenye ile simu. Kwa hiyo Jumapili nateremka Mbaha. Misa ikiisha nitasimama mbele ya walewale walionipigia vigelegele, nitalikunjua blanketi lile lote na wekundu wake, niseme nani aliliharibu.

Nitakuwa na mdomo siku hiyo? Hapa kwenye blogu ninao mkubwa sana.

Kwa sasa nimeinama kwenye beseni. Nimeloweka kitenge kipya na marekani mpya, kwa blanketi la pili. Hili litafika Mbaha limeshapoteza ugumu wote wa dukani, laini kama la miaka, na asiyetaka kulipigia kigelegele aache.

Maji ya kwanza yametoka mekundu. Ya pili pia. Nimeyamwaga, nimejaza mengine.