Mama, Paskali Amepata Sauti Yake

Mama,

Shikamoo.

Mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza na salamu, kisha mwandishi humuuliza mwenzake hali. Salamu nimekupa. Hali sitakuuliza, maana naogopa kujibiwa. Zamani nisingeogopa. Lakini kwa muda mrefu nyumbani kwetu wewe ulikuwa unajibu, na ndiyo habari ninayotaka kukueleza. Sauti yako imeondoka, Mama. Imeondoka kabisa, na sisi wenyewe ndio tuliomtafuta daktari wa kuiondoa.

Nianze na asubuhi ile ya tope, kwa sababu kuna jambo hukulisikia. Ulikuwa umetangulia kwenda kufungua kibanda chako cha chai pale Jorodom, na sisi tulikuwa tumelala kwa shangazi, ng'ambo ya barabara. Mlima uliposhuka tulikimbia kila mtu kivyake. Baadaye wanaume walipokuwa wanachimba, mmoja aliinua mkono akasema, "Nyamazeni! Mama Paskali anaita!" Wote wakaacha majembe. Kweli, uliita. "Restiii! Restiii!" Ile ya kuvuta mwisho. Wakakimbilia upande ule na kuanza kuchimba, wengine kwa mikono mitupu.

Hukuwa wewe. Alikuwa kaka Paskali nyuma ya lori lililopinduka, ananitafuta mimi.

Ulipatikana kesho yake, mbali na pale. Baba ametuambia mara nyingi kwamba hata wangechimba mahali pengine usingekuwa hai. Mimi ninamwamini. Paskali alikuwa akisikia maneno hayo anatoka nje.

Sasa tunaishi kwa Babu, huku juu ya Dongobesh, karibu na kaburi lako. Wakati tunahamia Paskali alikuwa na miaka kumi na sita, na watu walisema sauti yake itavunjika tu, wengine huchelewa. Wewe pia ulikuwa ukisema hivyo ulipokuwa hai. Akafika kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Alirefuka, Mama, mikono imekuwa mirefu hata shati la Baba linaishia katikati. Kidevu kilikuwa kama changu. Na sauti ikabaki yako. Si kama yako. Yako.

Unajua ukungu wa huku unavyoweza kukaa hadi saa tano asubuhi, hata ng'ombe huwaoni, unasikia kengele tu. Paskali alikuwa akiita ng'ombe ndani ya ukungu ule, na wanawake waliokuwa wanapalilia vitunguu swaumu walikuwa wanasimama. Jirani mmoja, yule mliyekuwa mnasuka naye ukija likizo, siku moja aliitika, "Nakuja, Mama Paskali!" Akatembea hatua chache. Kisha akaweka chini jembe lake, akarudi kwake, na siku ile hakulima tena.

Simu yako anatumia Paskali. Mama Zuhura wa Katesh, yule wa duka la nafaka, alipiga kutujulia hali. Paskali akasema, "Haloo?" Tukasikia kishindo, halafu mtu anapiga kelele kwa mbali, "Innalillahi! Amepokea! Amepokea mwenyewe!" Tulicheka siku hiyo, hata Baba. Lakini kesho yake alipiga tena. Akamwambia Paskali taratibu, "Mwanangu, usinieleze kitu. Sema haloo tu kidogo, halafu kata." Akawa anapiga kila Ijumaa.

Na mimi pia. Nilikuwa nikikaa jikoni, nimegeukia ukuta, namwambia, "Kaka, niite." Alikuwa anajua ninataka nini. Alikuwa anasema, "Resti, funga mlango, upepo unaingia." Nilikuwa nafunga.

Sikujua kwamba yeye alikuwa anaumia. Niligundua pale alipoacha kuongea. Kwanza aliacha sokoni, kwa sababu vijana wa bodaboda walikuwa wanamwita "Sista Paskali, nikupeleke wapi mrembo?" Halafu akaacha kanisani. Mwisho akaacha nyumbani. Alikuwa anaonyesha kwa kidole: maji, chumvi, koleo. Kuna wiki nzima sikusikia neno lake hata moja. Mama, kaka yangu alikuwa anakuwa bubu kwa hiari ili watu wasikusikie wewe.

Babu alimpeleka kwa mganga. Mganga alisema mama yake amemshika koo, hataki awe mwanamume kwa sababu akiwa mwanamume ataoa na kumwacha. Akaagiza aende kaburini saa sita mchana, jua likiwa utosini, akudai sauti yake. Nilimfuata kwa nyuma, nikajificha kwenye migomba. Alisimama wima mbele yako. Kisha nikakusikia ukisema, "Mama, niachie. Nakuomba, Mama, niachie."

Nilijua ni yeye. Nilimwona midomo. Lakini mwili wangu wote ulisikia wewe unajiomba mwenyewe. Hakuna kilichotokea. Kunguru aliruka. Paskali alikaa chini kwenye majani kama mtu aliyechoka kusubiri zamu.

Siku ya mnada akanunua unga kwa mtu mwenye spika, dawa ya nguvu za kiume. Moyo ulimwenda mbio hadi tukamlaza kivulini. Babu alimgombeza, akasema kijana wa umri huu anataka nguvu za nini? Ndipo Paskali aliponong'ona, na nimeyakumbuka maneno yale kila siku: "Babu, shida yangu si nguvu. Mimi sijaanza bado."

Basi, njia ilifunguka kwa ajali. Alianguka na baiskeli yenye mzigo, akavunjika kifundo cha mkono. Daktari wa mifupa aliitazama picha kwenye mwanga, akauliza ana miaka mingapi. Baba akamwambia kumi na tisa. Daktari akasema, "Mzee, hii ni mifupa ya mtoto wa miaka kumi na tatu. Haijafunga." Akamtuma kwa daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume, kwenye hospitali kubwa zaidi. Tukangoja tarehe. Yule daktari alimpima, akachukua damu, akamwambia Baba ukweli, nami namheshimu kwa hilo: "Homoni ya kiume iko chini sana, lakini mimi si mtu wenu. Mimi ni fundi wa mabomba. Ninyi mnamhitaji anayejua nani alifunga koki." Akaandika kwenye karatasi: daktari bingwa wa homoni.

Mimi nilijua homoni kutoka somo la Baiolojia. Nilidhani ni kitu cha kwenye mtihani. Sikujua kuna mtu amesomea hizo tu.

Ilikuwa safari ya mkoa mwingine. Shule zilikuwa zimefungwa, Baba akasema niende nao nisome vibao vya milangoni. Nadhani alitaka mtu wa kukaa katikati yao, maana wawili wale walikuwa hawasemezani tena. Daktari alikuwa mama wa umri wako. Baba alipomwona alikaribia kugeuka. Atamwambiaje mwanamke mambo ya mwanawe? Mimi niliachwa kwenye benchi nje wakati Paskali anapimwa. Kisha mlango ukafunguliwa, daktari akasema, "Dada naye aingie. Swali hili ni la familia."

Akatuuliza, "Huyu kijana ananusa?"

Baba akasema, "Anuse nini, daktari?"

"Chochote. Maua. Choo. Ugali ukiungua."

Paskali aliinua mabega. Baba alinitazama. Ndipo nikakusikia, Mama. Safari hii si kwa sauti ya Paskali. Ulikuwa kichwani mwangu, unacheka, umeshika panya aliyeoza uliyemtoa stoo ambamo Paskali alikuwa amelala wiki nzima bila kulalamika. Nikasema ulichosema siku ile: "Mama alikuwa anasema pua ya Paskali ni ya mapambo tu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akanigeukia. "Mama yako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole, binti. Mama yako amenisaidia sana leo."

Akamwambia Paskali afumbe macho. Akampitishia sabuni, kisha majani ya chai. Hakujua kitu. Halafu akamgeukia Baba. Tulikuwa tumetoka kwenye mavuno, na mikono ya Baba ilikuwa imelowa vitunguu swaumu kiasi kwamba hata kwenye basi abiria walifungua madirisha. Akamwambia Baba amwekee mwanawe kiganja puani.

"Ni nini hicho?"

"Mkono wa Baba," Paskali akasema.

"Umejuaje?"

"Ni mgumu."

"Una harufu gani?"

Alifikiri. Kweli alijitahidi. "Una joto," akasema.

Alikuwa hajui harufu ni nini, Mama. Miaka yote alidhani watu wanaposema "kunanuka" wanatania au ni namna ya kuongea. Na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Daktari alitueleza polepole. Kichwani kuna mahali panapotoa amri mtoto awe mtu mzima. Chembe zinazotoa amri hiyo, na mishipa ya kunusa, huanza safari pamoja mtoto akiwa bado tumboni. Kwa Paskali safari hiyo iliishia njiani. Hajalogwa wala hajashikwa. Akichomwa sindano za homoni mwili utaanza. Atalazimika kuziendeleza miaka yote, na akitaka watoto kuna sindano za namna nyingine. Kunusa hakutarudi. Asipotibiwa mifupa itakuwa dhaifu, na mkono ule hautakuwa wa mwisho kuvunjika. Akahesabu mabadiliko: ndevu, misuli. "Na sauti itashuka."

Nilimwona Baba akishika ukingo wa kiti.

Nilielewa kitu hapohapo. Kila jioni Baba alikuwa anakaa kwenye jiwe nyuma ya zizi, na mimi nilidhani anapumzika. Alikuwa anasubiri ng'ombe waitwe.

Paskali naye alielewa. Akasema, na hilo lilikuwa neno lake refu kuliko yote mwaka ule, "Daktari, nikibadilika, Baba atabaki na nini?"

Alisema kwa sauti yako, Mama. Ulikuwa kama umesimama pale kumwombea mumeo. Hata daktari, ambaye hajawahi kukuona, aliacha kuandika.

Baba alimgeukia Paskali. Kisha akasema kwa Kiiraqw chetu, na mimi nakuandikia kwa Kiswahili: "Mke wangu nilimzika. Wewe sijakuzika." Akamgeukia daktari. "Mchome."

Sindano ya kwanza ilikuwa siku hiyohiyo. Nyingine anachomwa hospitali ya karibu, kwa barua ya daktari yule. Miezi ya mwanzo hatukuona kitu, Babu akaanza kuguna kwamba ni yaleyale. Halafu siku moja Paskali alisema, "Resti, nipe ile ndoo," na sentensi ikakatika katikati. Alianza wewe, akamaliza mtu mwingine. Nilishika ndoo nikashindwa kumpa.

Kipindi kile kilikuwa cha ajabu kuliko vyote. Mlikuwa wawili kwenye mdomo mmoja. Ulikuwa unatokea kwenye "habari" na kutoweka kwenye "za asubuhi." Nyumba nzima tulikuwa tunakula tunasikiliza. Mama Zuhura alipiga Ijumaa, akasikia sauti imekwaruza, akauliza, "Mwanangu, anaondoka?" Paskali akasema, "Ndiyo, mama." Yule mama akasema, "Haya. Mwambie nimemsamehe na yeye anisamehe." Tangu hapo hupiga siku yoyote, na husalimia kama watu wengine.

Siku ya mwisho siijui. Hilo ndilo linaloniuma. Kuna neno ulilosema mara ya mwisho mezani kwetu, labda "chumvi," labda "bado," na mimi nilikuwa natafuna. Siku moja tu nikagundua ni muda sijakusikia.

Jana ukungu ulikuwa mzito. Paskali aliita ng'ombe, na hawakuja. Walisimama tu, tukasikia kengele zikinyamaza moja baada ya nyingine, kama wanajadiliana. Akaita tena. Baba alikuwa kwenye jiwe lake. Alisimama, akaingia ndani ya ukungu, nikasikia wanaume wawili wakiita pamoja, na sikuweza kusema yupi ni yupi.

Mama, daktari anasema hukuwa wewe, na mimi namwamini, ninasoma sayansi. Basi nisaidie kuelewa kwa nini sasa huku ni kimya hivi.

Nakuahidi mambo haya. Tarehe za sindano nitazikumbuka mimi, hata akichoka, hata akioa. Na sitamwomba tena aniite kwa ajili yako. Akiniita, nitajua ni yeye, na nitaitika kwa ajili yake.

Ananiita sasa hivi kutoka nje. Ni sauti nene, ya mtu nisiyemzoea, na imenishtua kidogo. Lala, Mama. Naenda kumwitikia.

Abee, kaka!

Mwanao,
Restituta