Kati ya Matugga na Gulu

Naguru, Kampala
2 Februari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu sote watatu. Unaendeleaje, na goti lako je, linakuruhusu kufika shambani? Sisi tuko salama. Aciro alikuwa na mafua lakini amerudi shule, na mdogo wake Guerschom anakula kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na jambo lenyewe sitaki nimweleze shemeji Oryem kwanza ili naye akueleze wewe. Bahasha utaikuta ofisi ya basi kama kawaida.

Wiki iliyopita tuliitwa ofisini, sisi wajane wa kambi ya polisi. Afisa alizungumza kwa upole. Alisema familia ambazo askari wao amefariki zaidi ya mwaka zinatakiwa kurudisha nyumba ifikapo mwisho wa Juni. Mwanao Otema ametimiza mwaka mmoja na nusu tangu atutoke, kwa hiyo jina letu limo kwenye orodha. Sikulia. Nilijua siku hiyo itakuja.

Malipo ya utumishi wake yalitoka Desemba. Nikiongeza akiba yangu ya biashara ya vitenge, nina milioni thelathini na sita. Sitaki kupanga, Baba. Pale Mengo karibu na duka langu, vyumba viwili ni laki tano kwa mwezi. Miaka sita tu, na kazi yote ya Otema itakuwa imeingia mfukoni mwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo nimeanza kuzunguka. Hapa Naguru, huko juu kilimani, sikuuliza bei. Hata kusimama mbele ya mageti niliona haya. Huguette, rafiki yangu wa tangu Bukavu, anafanya kazi za ndani Bugolobi. Yeye alinisikilizia: fleti ya vyumba viwili, milioni mia tatu na hamsini. Nikaenda Mukono. Kiwanja cha futi hamsini kwa mia, nyasi tupu, milioni arobaini na tano. Dalali alitaka elfu hamsini kabla ya kunionyesha hizo nyasi.

Kwetu Bukavu parseli, yaani kiwanja, cha marehemu baba yangu mzazi ipo, lakini kwa hali ya vita sasa hakuna hata anayeuliza bei yake. Nimebaki na Uganda. Nishauri, Baba, na unibariki.

Binti yako,
Monique


Gulu
19 Februari 2025

Mama Aciro,

Salamu. Mimi mzima. Goti ni lile lile, linanitangulia kujua mvua. Waambie watoto babu yao yupo.

Kiswahili changu ni cha jeshi, utanisamehe nikikata maneno. Hiyo milioni arobaini na tano ya nyasi niliisoma mara tatu. Nilidhani macho nayo yameanza kufuata masikio.

Sikiliza. Hapa Gulu mjini, upande wa Layibi, kiwanja kama hicho ni milioni kumi na nane. Na hapa nyumbani ni bure, kwa sababu wewe ni mke wa Otema. Jana nilipima kwa miguu yangu kutoka kaburi lake mpaka njia ya gari. Hatua sitini. Nyumba ya vyumba vinne inakaa, na baraza, na jiko la nje. Tofali nitasimamia mwenyewe. Ukimaliza kuezeka bati, nusu ya fedha yako bado iko benki, na watoto wanakua wakisikia Kiacholi.

Kampala ni mji wa kazi. Mtu akimaliza kazi anarudi nyumbani. Mimi nilikaa kambi kumi na moja katika utumishi wangu na sikununua hata mlango.

Njooni Pasaka muone mahali penyewe.

Baba yako,
Kidega


Naguru, Kampala
27 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Tulifika salama Jumanne usiku. Asante kwa Pasaka, kwa mbuzi na kwa ufuta uliotufungia. Guerschom anasimulia darasa zima jinsi ulivyomfundisha kupiga saluti. Umelala vizuri tangu tuondoke? Aciro anasema ulikuwa unakohoa alfajiri.

Nimechukua siku kadhaa kabla ya kukuandikia, maana nilitaka maneno yangu yasikuumize.

Mahali ni pazuri, na kuwa karibu na Otema kungenipa moyo. Lakini ile siku niliyokwenda sokoni Gulu nilizungumza na mama mmoja anayeuza vitenge kama mimi. Kitenge ninachouza Mengo kwa elfu themanini, yeye akipata hamsini anashukuru, na wiki nyingine hauzi hata kimoja. Wateja wangu ni Wakongo wenzangu na wake za wachungaji, na wote wako hapa. Nikajiuliza: nyumba ya Gulu ni rahisi, lakini ada ya Aciro nitailipa na nini? Huko bei ya kiwanja iko chini, na kipato changu nacho kitashuka kuifuata.

Nimepata nyumba, Baba. Iko Matugga, kwenye barabara hii hii ya kuja kwenu. Mwenyewe ni mwalimu, anaitwa Wahabi. Kiwanja ni nusu, hamsini kwa hamsini. Kuta zimesimama, bati liko juu, choo kipo. Haina madirisha, haina plasta, sakafu ni udongo. Anataka milioni thelathini na nne, na hati ya ardhi anayo mkononi. Kila nilikopelekwa kwingine walikuwa wanauza kibanja, yaani unanunua haki ya kukaa tu, na ardhi ina mwenyewe.

Wakili wangu Jamilah, wa Mengo, ameichunguza hati na anasema ni safi. Shida ni mimi. Sina uraia wa Uganda, na mgeni hapewi hati kama hiyo, kwa hiyo anashauri hati iandikwe jina la mtoto, kwa kuwa watoto ni Waganda kwa baba yao, na wewe uweke sahihi pamoja nami kama walezi. Nimefikiria liandikwe jina la Guerschom. Ni mwanaume, na ukoo utaridhika.

Najua ulinipimia hatua sitini. Nakuomba usinione kama nimezikanyaga.

Binti yako,
Monique


Naguru, Kampala
25 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na mvua. Nimeulizia ofisi ya basi, wakasema barua yangu ya Aprili ulikuja kuichukua wewe mwenyewe. Basi umeisoma. Nilimpigia shemeji Oryem, akasema uko mzima lakini huzungumzi sana.

Jirani zangu wawili wameshahama. Mmoja amepanga chumba kimoja na watoto watano. Mwalimu Wahabi amehamishiwa Mbale na anataka kumaliza. Amepata mnunuzi mwingine, amenipa mpaka tarehe ishirini na tano Juni kwa sababu alifundisha mtoto wa askari mwenzake Otema.

Kama nimekukosea, nikemee kwa maandishi. Ukimya wako ni mzito kwangu kuliko kemeo.

Binti yako,
Monique


Gulu
8 Juni 2025

Mama Aciro,

Salamu kwako na kwa watoto. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha.

Barua zako mbili ziko mezani. Ile ya kwanza ilinikasirisha. Nilisema, huyu mwanamke namfungulia mlango, yeye anahesabu bei ya vitenge. Nikaendelea na tofali kama sikuisoma. Nilichoma elfu tatu. Nilifikiri ukiziona zimepangwa utabadilisha nia.

Katikati ya Mei nilikwenda asubuhi kuangalia mahali, nikakuta pamelimwa. Oryem alikuwa amepanda muhogo kutoka kaburini mpaka njiani. Nilimuuliza, akasema tuite wazee. Tukawaita, tukakaa. Oryem alisogeza kiti karibu na sikio langu lililo zuri, na kila mtu alisikia.

Alisema, "Baba, ardhi ni ya watoto wa Otema, hilo sikatai. Lakini mama yao akiolewa kesho, tutamtoaje, na nyumba amejenga kwa fedha yake?"

Nikamwambia, "Na asipoolewa?"

"Basi atakaa kwa wema wetu."

Nilingoja mzee mmoja ampinge. Wawili waliitikia kwa kichwa. Hata mimi sikumpinga. Nina miaka sabini na nne. Mwenye kuamua hapo baada yangu ni Oryem, na si mtu mbaya. Anaogopa tu, ana wana wanne na shamba haliongezeki.

Usiku ule nilimkumbuka dada yangu Alanyo, hukumjua. Mume alimfukuza, akarudi nyumbani na sufuria zake kichwani. Kaka zetu walimwambia atakaa kwa wema wetu. Neno lile lile. Alikaa miezi minne. Alifia mjini, chumba cha kupanga, na mimi nilikuwa kambini Moroto nikisema nitashughulikia nikipata likizo.

Kwa hiyo usijenge hapa. Mimi ndiye nasema.

Nunua Matugga. Nitakuja Jumatatu tarehe ishirini na tatu, mwambie mwalimu asiuze. Lakini nina sharti moja, na bila hilo siweki sahihi. Usiandike Guerschom peke yake. Andika Aciro kwanza, ndipo mdogo wake. Ukoo kuridhika si kazi yako. Mtoto wa kike ndiye anayehitaji mlango ambao hakuna wa kumuuliza ametoka wapi.

Nijibu hili pia: Oryem aliwahi kukuambia maneno hayo?

Baba yako,
Kidega


Matugga
20 Julai 2025

Baba mpendwa,

Salamu kutoka Matugga. Ulifika salama? Miguu haikuvimba kwenye basi? Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kuhama. Hata kalamu hii nimeipata leo chini ya masufuria.

Watoto wanapenda nisimulie tena ile siku kwa wakili, maana wao walikuwa shule. Nawaambia jinsi Jamilah alivyosoma kila kifungu kwa sauti ya juu mpaka watu wa ofisi ya jirani wakaja kuuliza kama kuna ugomvi. Na jinsi babu yao alivyosema, "Soma tena hapo penye jina," akasomewa mara tatu, ndipo akaweka sahihi, na chini yake akaandika namba yake ya jeshi ingawa hakuna aliyemwomba. Mwalimu Wahabi alipokabidhi funguo alibaki amesimama kidogo. Baadaye aliniambia alijenga miaka tisa, ukuta mmoja kila likizo.

Tulihama tarehe ishirini na nane kwa lori. Nakueleza ukweli wa mahali. Tunalala chumba kimoja, madirisha nimeziba kwa mabati na maturubai. Mvua ikija na upepo tunasogeza godoro. Naondoka saa kumi na moja alfajiri na watoto, na nauli ya kila siku inauma. Guerschom alilia wiki nzima kwa ajili ya marafiki zake wa Naguru. Jirani yetu upande wa juu ni Monsieur Barnabé, fundi wa viatu kutoka Uvira, amenionyesha mahali maji yanapouzwa kwa bei ya kawaida. Mwisho wa Juni ulipofika nikajikuta nimeshika mkoba kama mpangaji, nikangoja mtu aje kudai kodi. Hakuja mtu.

Uliniuliza kuhusu Oryem. Ndiyo, aliniambia siku ya Pasaka, jikoni, nikiosha vyombo. Hakunitukana. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Sikukuandikia kwa sababu ni mwanao, na wewe ndiye uliyebaki naye. Nilitafuta sababu nyingine za kukataa, na zile za vitenge zilikuwa za kweli, lakini hazikuwa zote.

Jambo moja bado linatusumbua. Ulipokuja ulikataa kulala kwetu, ukaenda kwa askari mwenzako wa zamani. Mimi naelewa, baba mkwe hawezi kulala nyumbani mwa mke wa mwanawe, hata kwetu iko hivyo. Watoto hawaelewi. Guerschom ameuliza kama tulikukosea.

Binti yako,
Monique


Gulu
10 Agosti 2025

Mama Aciro,

Nimefurahi kusikia mna afya. Mimi mzima, na mtama umetoka vizuri.

Zile tofali elfu tatu nimeziuza kwa watu wa parokia. Fedha iko ndani ya bahasha, imeshonwa kwenye kitambaa, fungua taratibu. Ni ya madirisha ya mbele. Usiweke ya mbao, mchwa wa udongo ule mwekundu ninawajua.

Oryem nimemwonyesha barua yako, mahali pale tu ulipoandika kwamba hakukutukana. Alisoma, akatoka nje. Asubuhi aliniletea gunia la muhogo mkavu akasema niwapelekee watoto. Gunia ni zito, nitahitaji mtu wa kunipokea.

Kuhusu kulala. Desturi ni desturi, na katika nyumba yako sitalala mpaka nife, ni heshima yako na yangu. Lakini nimefikiri sana jambo hili, nikatoa ile nakala ya hati aliyonipa wakili, nikaisoma mwenyewe kwa miwani. Nyumba hiyo si yako, Mama Aciro. Imeandikwa Aciro, na baada yake Guerschom. Hakuna desturi hapa Acholi inayomkataza mzee kulala kwa mjukuu wake.

Muulize mwenye nyumba kama nafasi ipo. Akikubali, nitakuja Jumamosi tarehe thelathini na basi la asubuhi. Nimeshamwambia kondakta anishushe Matugga, sendi mpaka Kampala.

Baba yako,
Kidega