Nilivyoinyamazisha Injini ya Shemeji

Mdogo wangu, mdogo kwa miaka lakini mkubwa kwa mdomo,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na naomba zikukute umekula, maana nasikia siku hizi chakula unakitazama tu kama picha ya ukutani. Presha je, imeshuka? Miguu bado inavimba? Mimi ni mzima kwa kadiri mzee anavyoweza kuwa mzima: meno yaliyobaki yanajuana kwa majina, na mgongo unanisalimia kila ninapoinama. Mwandiko uuvumilie. Unajua darasa la nne nilitoka mbio kabla mwalimu hajanitoa.

Ulinitumia ujumbe kwamba gari la marehemu mumeo niliuze kwa vyuma chakavu, hutaki kuliona tena. Limekaa hapa gereji miezi mitano chini ya turubai, nami nalipita kwa kando kama tumegombana. Basi Jumatano asubuhi niliifungua injini yake, na nilichokikuta ndicho kinachonikalisha na kalamu. Niache nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka shemeji alivyokuwa akilalamika kwamba gari lake linagonga kama cherehani. Alikuja hapa mwanzoni mwa mwaka, akanitania kwamba gereji yangu ni kliniki ya wazee na mgonjwa wa kwanza ni mimi. Nikamjibu kwamba yeye na gari lake wote wanahitaji kufungwa mdomo, achague nianze na nani. Tukacheka mpaka akakohoa. Nikamwambia ni tapeti tu hizo, aniachie.

Nikueleze, maana wewe gari unalijua kwa kulikalia. Juu ya injini kuna valvu, vimlango vya chuma vinavyofunguka na kujifunga. Kati ya kila valvu na mkono unaoisukuma, ndiyo tapeti yenyewe, lazima ibaki nafasi nyembamba kama karatasi, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi hiyo tunaipima kwa fila, bapa jembamba la chuma. Unalipitisha injini ikiwa imepoa, na vidole vinasikia linavyokwama kidogo, kama kuvuta uzi kati ya meno. Nafasi ikizidi, injini inagonga. Ikikosekana, kimlango hakifungi sawasawa, moto unapenya pembeni na kukila. Injini nzee kama ile lazima isemeseme kidogo. Hilo nimewafundisha mafundi wengi, na wengine niliwapiga kofi la kisogo ili liwakae.

Siku ile nilivua kifuniko, nikapitisha bapa, sikusikia kitu. Nikajaribu mkono wa kushoto, vile vile. Vidole vyangu vina ganzi tangu mwaka juzi, hata kufunga kifungo cha shati ni kazi ya nusu saa. Sikumwambia mtu. Watu wananiita Fundi Sikio, sasa nitangaze kwamba vidole vimestaafu? Nikajipa moyo kwamba masikio ninayo. Nikawasha injini, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine mpaka kila valvu ikanyamaza. Shemeji alipokuja aliuliza kama gari limewaka kweli. Alinisifu kwa watu wiki nzima, nami kichwa kikanivimba.

Wiki mbili kabla ya siku aliyofariki shemeji, mwanao mkubwa alinijia na gari hilo. Alisema, mjomba, mlimani halivuti, na likisimama linatetemeka. Nikamcheka mbele ya mafundi. Nikasema ugonjwa uko kwenye mguu wake wa kulia, injini yenyewe imetulia kama maji mtungini, akajifunze kwanza kuendesha. Wakaangua kicheko. Akanitazama, akachukua ufunguo, akaenda zake.

Siku yenyewe sikusimulii. Wewe ndiye uliyekuwa kiti cha nyuma umempakata mumeo, kifua kimembana, saa sita mchana, hospitali mnaiona pale juu. Wewe ndiye uliyelisikia likikohoa na kuzima katikati ya mlima, mwanao akiwasha, likizima, akiwasha, mpaka shemeji akawa haihitaji tena hospitali.

Msibani ulimwambia kijana mbele ya watu wote kwamba aliiua injini kwa mbio zake, na injini ikamuua baba yake, asikanyage tena kwako. Watu wakanigeukia mimi fundi. Nikasema vijana wa siku hizi hawana huruma na chuma. Nilisema hivyo, mdogo wangu, kisha nikamalizia chai yangu.

Jumatano nilifungua nikitafuta kosa lake. Nilikuta valvu mbili za kutolea moshi zimeliwa ukingoni kama biskuti iliyopitiwa na panya. Nikamwomba fundi mwenzangu mwenye vidole hai apime nafasi. Bapa jembamba kuliko yote halikuingia. Hakuna mguu wa dereva unaofanya hivyo. Huo ni mkono wangu. Ile injini haikuwa imetulia, nilikuwa nimeikaba. Na usinidhanie malaika: mnunuzi wa vyuma nilimwita kabisa, alete lori, mambo yakayeyuke huko huko. Alipopiga honi getini nikamrudisha.

Jana nilimfuata mwanao kwenye chumba alichopanga nyuma ya kiwanda cha matofali, nikamweleza yote. Nilitegemea matusi, hata utani wa kujibia nilikuwa nimeuandaa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mama anajua. Nikasema bado. Akafunga mlango, taratibu.

Basi sasa unajua. Maneno yako uliyasema mbele ya watu, nami nikayagonga muhuri. Waite wale wale, barua hii isomwe kwa sauti, pasirukwe mstari, hata pale pa chai. Sauti ikikukwama, nitakuja niseme mwenyewe, halafu unifukuze mimi. Ila yeye mwite kwanza.

Wasalimie wajukuu. Msalimie na jirani yako mbea, ambaye najua amekuchungulia begani tangu ukurasa wa kwanza. Mwanao msalimie wewe. Salamu zangu hazipokei, na sina la kumlaumu.

Ni mimi kaka yako,
niliyekaza.