Fainali Imeangukia Sabato

Alhamisi, Keroka

Fainali ya mashindano ya bendi za shule imesogezwa hadi Jumamosi, na hakuna aliyetuuliza. Kwamboka, mpiga tarumbeta wangu wa pekee, ni Msabato. Tangu nianze kufundisha bendi hii, ni mara ya kwanza tumefika fainali, nami nastaafu Desemba.

Leo nilimfuata mama yake kwenye shamba la chai. Hakuacha kuchuma.

"Mwalimu, si wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba sheria ni sheria? Sasa unataka nivunje ya Mungu kwa ajili ya tarumbeta?"

Ni kweli nilimfundisha hivyo, alipokuwa mwanafunzi wangu.

Kwamboka alinisindikiza hadi barabarani. "Mwalimu, kesho Ijumaa ninaweza kupiga mpaka jua litue, Sabato inapoanza."

Nilimshukuru. Basi kesho tutapiga vizuri, na hakuna mwamuzi atakayesikia.