Aliyekuwa Akituamsha Kabla ya Saa

Jumanne, baada ya chakula

Kosa ni langu, lakini swali lenyewe lilinichokoza. Mjukuu wangu Rehema ametumwa na mwalimu aulize wazee: zamani, kabla ya saa na simu, watu waliamkaje alfajiri? Nikamwambia tulikuwa tunakunywa vibuyu viwili vya maji kabla ya kulala, kibofu ndiyo kengele. Akaandika yote, masikini.

Bibi yake alikuwa anachambua maharage pale pale. Akasema, "Sawa, mzee. Kesho yakuamshe hayo maji."

Hapo utani ukaisha. Kesho nateremsha kabichi mjini, na gari la mboga linaondoka saa kumi alfajiri, halimsubiri mtu. Kusema kweli, tangu tuoane sijawahi kuamka mwenyewe hata siku moja. Ni huyu mwanamke ananitikisa bega. Simu sijui hata kuitegesha.

Nikamwambia Rehema akate ile mistari, aandike kuwa saa ya babu ilikuwa bibi. Mke wangu hakuinua macho.

"Aandike na nani aliamka kabla ya hapo kuchemsha uji."

Imeandikwa. Kama nitaamshwa, bado sijaambiwa.