Kinasa Miale cha Kopo la Maziwa

Jumatatu, 2 Februari
Maabara tena baada ya masomo. Kopo la maziwa ya unga, foili, tepu nyeusi. Ndani, kihisi kidogo kuliko ukucha; kikinasa mwale, kopo hulia. Hospitali kubwa zina mashine inayompiga mgonjwa picha mbili kwa pamoja: moja kwa sumaku, nyingine kwa kunasa miale ya dawa aliyodungwa. Vihisi vya zamani huvurugwa na sumaku. Aina hii haivurugwi. Ndiyo maana naipenda. Chetu ni mfano tu, cha mashindano ya sayansi yatakayofanyika Homa Bay. Mgonjwa wetu ni jiwe kutoka vilima vya Homa Bay. Mwalimu anasema linatoa miale kidogo.
Leo milio kumi na saba kwa dakika. Brian, mwenzangu, alipiga kelele hadi mlinzi akaja. Mimi nilishindwa hata kucheka.

Jumamosi, 7 Februari
Nimelibeba kopo hadi nyumbani, Masara. Jiwe nililiacha shuleni. Kopo likalia vilevile. Ng'ambo ya barabara kinu cha kusaga mawe ya dhahabu kilikuwa kinanguruma. Wachimbaji walipokizima wakale, kopo likanyamaza. Walipokiwasha, likaanza tena.
Kinu kinatikisa foili, kihisi kinadhani ni mwale. Basi. Nyuma ya ukuta wa shule kuna kinu kingine. Wiki nzima tumehesabu kinu.
Kinyaa. Sikupima bila jiwe hata mara moja. Mtoto wa darasa la sita angepima.

Jumatatu, 9 Februari
Nimemwambia Brian. Alikuwa anapaka chati rangi.
"Akinyi, usinichomee. Kwani Homa Bay kuna kinu?"
"Hakuna. Kwa hivyo halitalia."
"Litalia. Wewe kaa na vitabu vyako, mdomo niachie."
Ameandika 17 kwa rangi nyekundu, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Inanichefua. Mwalimu alipita akasifu chati. Nikatazama viatu vyangu. Ninajichefua zaidi.

Jumatano, 18 Februari
Sijalala vizuri. Sijasema.

Ijumaa, 20 Februari
Homa Bay. Ukumbi kimya. Brian alieleza vizuri sana. Akasema siku moja mgonjwa wa Rusinga hatalazimika kwenda Nairobi kupigwa picha hiyo. Maneno yangu, niliyomwandikia mimi. Kisha akaweka jiwe, na chini ya meza goti lake likaanza kugonga ubao. Kopo likalia.
Jaji, mama mmoja wa miwani, akavua miwani. Akasema dadake alisubiri picha kama hiyo hadi akachoka kusubiri. Akatushukuru. Akatushukuru!
"Madam, ni goti lake."
Sauti ya panya. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikaeleza na kinu pia.
Tumetolewa. Garini Brian alisema mara moja tu, "Si ungenyamaza, msichana wewe." Mwalimu alitazama dirishani hadi Migori.

Jumapili, 22 Februari
Nimetoka kanisani. Nimekata sponji ya godoro kuukuu, nikalizungushia kopo pande zote, chini pia, mtikiso usilifikie. Hakuna jiwe: kipimo nilichokiruka. Kinu hakijui Jumapili, kinasaga tangu asubuhi. Vikombe vinatetemeka kabatini. Mama ameuliza kama nitakula, nikasema baadaye.
Nimekaa saa nzima na kalamu mkononi. Halikulia hata mara moja.
Nimeandika sifuri.