Mtu wa Pili Chumbani

Jumatatu, 3 Machi
Umebaki mtihani mmoja tu! Masomo kumi na moja ya digrii ya uuguzi nimeyamaliza kwa kompyuta hii yenye kioo kilichopasuka pembeni. Jumamosi saa tatu asubuhi namaliza kazi. Miaka kumi na sita natundika dripu kwa stashahada yangu, halafu watoto wa juzi wenye digrii ndio wananipangia zamu. Basi! Metroni kasema usimamizi wa wodi ya majeruhi unaningoja, nilete karatasi tu.

Leo ndugu wawili wa mgonjwa aliyefariki wametuvamia wodini, wakaturushia stendi ya dripu. Daktari kajificha chooni! Mmoja nilimkaba shingo mpaka walinzi wakafika. Sikumwonea huruma hata chembe.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma masharti. Uwe peke yako chumbani. Kamera isizimwe. Usiongee, usiondoe macho kwenye kioo. Nimemweleza mume wangu mara mbili. Kajibu eti digrii ya kwenye kompyuta ni sawa na kununua viatu kwa picha. Nikacheka. Nikicheka, siku hupita salama.

Jumamosi, 8 Machi
Aliingia. Swali la thelathini na moja — aliingia.

Aliniita mara tatu, anatafuta ufunguo wa pikipiki. Sikujibu, marufuku kuongea! Nikampungia mkono, toka. Kumbe hapo ndipo nilipomchokoza. Eti namfukuza kama kuku ndani ya nyumba yake. Ngumi ya kwanza mdomoni, ya pili puani. Kisha akanishika nywele, akanibamiza paji la uso mezani. Akaenda zake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Sikulia. Nikajiweka tena mbele ya kamera nikaendelea, damu inadondokea kibodi. Swali la arobaini na nne: hatua za kwanza kwa mgonjwa anayetoka damu puani. Hilo nililijua! Mketishe, ainame mbele, mbane pua. Nikabana yangu kwa mkono wa kushoto, nikajibu kwa wa kulia.

Nimemaliza yote sitini. Kungekuwa na kisu pale mezani ningemchoma. Naandika hivyo na sijuti.

Jumapili, 9 Machi
Zamu ya asubuhi, barakoa usoni. Kitanda cha saba kaletwa mlevi, kajikata mguu kwa chupa, anarusha mateke kama punda. Namshona, akaivuta barakoa yangu. Metroni huyo mlangoni! Kaona mdomo uliopasuka, pua iliyovimba. Kauliza, huyu ndiye kakupiga?

Nikaitikia kwa kichwa. Kajaza fomu ya mtumishi kushambuliwa kazini, nami nikatia sahihi. Mwandiko mzuri, kama siku zote.

Jumatatu, 10 Machi
Walinzi wamemfuata kitanda cha saba asubuhi, pombe imeshamtoka. Wako wawili. Wamevuta pazia, wakamshushia rungu. Nilisikia mfupa. Mlio ule ukishausikia mara moja huusahau. Nilikuwa hatua nne tu, nimeshika trei, nimeganda.

Mkono nimemfunga mimi mwenyewe, vibao na bendeji. Ni fundi ujenzi, na ndio mkono wake wa kulia. Hakumbuki chochote cha jana. Kanitazama usoni, machozi yakamtoka. Kasema, nisamehe sista, sijawahi kumpiga mwanamke, mama yangu akijua atanilaani.

Mungu wangu! Mimi ndiye naombwa msamaha!

Alhamisi, 13 Machi
Barua pepe ya chuo. Kamera imeona mtu wa pili chumbani. Nieleze kwa maandishi kabla ya Jumamosi saa sita mchana, la sivyo mtihani unafutwa na nasimamishwa mwaka mzima. Wameambatanisha video, sekunde kumi na tisa. Nimeitazama mara tano. Kila kitu kipo, mpaka kishindo cha meza.

Chini kuna swali, uweke alama ya vema: Je, mtu huyo alikusaidia kujibu swali lolote?

Nimecheka mpaka mdomo umepasuka upya.

Ijumaa, 14 Machi
Metroni kasema kitanda cha saba anakabidhiwa polisi Jumatatu. Ushahidi ni fomu yangu. Nikisema kweli, leseni yangu mashakani. Nikinyamaza, fundi wa watu anafungwa na mkono umevunjika juu yake.

Mume wangu karudi na dawa ya kuchua. Kanipaka mwenyewe, taratibu, ananiita mama. Namchukia zaidi akiwa mpole.

Jumamosi, 15 Machi
Saa tano na nusu. Nimejifungia chumbani kwa komeo. Chuo nimewajibu mistari miwili: Huyo ni mume wangu. Hakunisaidia. Video hiyo hiyo nimemtumia metroni: huyu ndiye aliyenipiga, siyo kitanda cha saba, fomu ni uongo wangu, nimejifungia chumbani naye yuko nje.

Nimetuma yote mawili!

Mume wangu kaniita mara moja. Mara mbili. Katazama kwenye tundu la ufunguo, kaniona naandika. Sasa anapiga mateke. Skrubu moja ya komeo imeshaanguka chini.

Metroni kajibu. Kasema ya fomu tutayaongea baadaye, nisifungue mlango, yuko njiani na gari la wagonjwa. Kawachukua wale walinzi wawili.

Wale wale! Najua wanavyofanya kazi. Simu iko mkononi, ni kuandika tu, metroni waache hao, lete polisi. Maneno matano. Sijaandika. Nafurahi — ndiyo, nafurahi, Mungu anione.

Skrubu ya pili. Anauliza, unaongea na nani humo?

Nimemjibu kwa sauti laini kabisa, kama ya kumtuliza mgonjwa kabla ya sindano. Subiri hapo hapo mlangoni, mume wangu. Usiende popote.